Kibodi za Bluetooth za tableti ndogo: nilizojaribu hapa Mombasa na niliyobaki nayo

Nianze na jibu kwa wale wenye haraka. Kama una tableti ya inchi 8 au hapo hapo na wataka kuandika kikweli, si kujibu meseji mbili tatu, tafuta Logitech K380 au ile mpya yake K380s, tafuta na kistendi cha kusimamishia tableti, basi. Ila najua wengi hamtatoka dukani na hiyo, manake ukiingia duka la simu Moi Avenue au Digo Road ukasema tableti yangu ni ndogo, utaletewa kitu kingine kabisa, utaletewa lile kava la ngozi ngozi lenye kibodi ndani, saizi sawa sawa na tableti, lapendeza kwa macho, bei nafuu, na kijana wa duka atakwambia "dada hii ndo yake, waingiza hivi, wafunga hivi, watia kwa mkoba umemaliza". Hapo ndo nataka tuzungumze taratibu kabla hujatuma M-Pesa.

Mimi kazi yangu ni kuandika. Naandika miniti za vyama, barua za watu za mashamba na za shule, ripoti za kikundi chetu cha kina mama, na usiku naandika hadithi zangu mwenyewe, vyote kwa Kiswahili na vyote kwa Samsung Tab A7 Lite, ile ya inchi 8.7. Laptopu sitaki kubeba. Nakaa Likoni, kazi nyingi ziko mjini, na ukishasimama kwenye ule msongamano wa feri asubuhi na mkoba begani kila gramu waisikia. Tableti yenyewe ni gramu 366 kwa hivyo hapo sina neno, suala lilikuwa ni kibodi gani itaifaa bila kuniharibia raha ya kubeba kitu chepesi.

Watu wadhani kibodi ya nje ni ya kuandika haraka tu. Haraka yaja, lakini kwa tableti ndogo faida kubwa ni kioo. Ile kibodi ya kwenye skrini, ukiilaza tableti, yala nusu nzima, wabaki na mistari mitatu minne ya maandishi yako, hujui aya uliianzaje, wapandisha washukisha mpaka wachoka. Ukiunganisha kibodi ya nje ile ya kioo yaondoka, skrini yote yarudi kuwa yako, na inchi 8 hapo zatosha kabisa kusoma ukurasa mzima. Kama haijaondoka ingia kwenye setingi, tafuta sehemu ya kibodi halisi, kuna swichi ya kuificha. Na kwa tableti yangu nimepata raha nyingine, ile tabia ya kurekebishwa kwa Kizungu imekoma, waandika "hata" yabaki "hata", haigeuki "hat". Kwa mtu anayeandika Kiswahili kutwa hiyo peke yake ni sababu ya kununua.

Sasa saizi. Kibodi ya kawaida ya kompyuta, kutoka katikati ya kitufe kimoja mpaka katikati ya jirani yake ni kama milimita 19. Tableti yangu urefu wake ni sentimita 21 na kidogo. Kibodi ikitengenezwa iingie ndani ya kava la urefu huo, na kila safu ibebe vitufe 12 au 13, kila kimoja chabaki na milimita 16 hivi. Waweza kusema milimita 3 ni nini, lakini kutoka Q mpaka P kuna herufi 10, ukifika mwisho wa safu umeshapungukiwa na karibu sentimita 3, na mikono miwili yabanana katikati kama abiria wanne kwa kiti cha watatu. Tableti waweza kuichagua ndogo, vidole ni vile vile alivyokupa Mola. Hili ndo jambo ninalotaka lishike: kibodi haipimwi kwa tableti, yapimwa kwa mkono wa mwandishi. Hakuna sheria ati lazima vilingane. Tableti yakaa pale mbele kwa kistendi, kibodi yakaa hapa chini, Bluetooth haijali nani mkubwa.

Na kuna kitu hakiandikwi kwenye boksi, manake waliozitengeneza hawakuwa wakiwaza lugha yetu. Tafuta ile alama ya ng', ritifaa. Kwa kibodi ya kawaida iko pale karibu na Enter, kidole kidogo cha kulia chaigusa bila kufikiri. Kwa kibodi nyingi za inchi 7 na 8 nafasi imeisha, kwa hivyo imehamishwa, mara iko safu ya chini karibu na mishale, mara imefichwa wabidi ubonyeze kwanza kitufe cha Fn, kile cha kutoa alama za pili za vitufe. Mzungu labda haimsumbui sana. Sisi sasa, ng'ombe, ng'ambo, king'ora, kung'oa, kung'ang'ania, halafu mimi mtu wa Likoni kila siku naandika ng'ambo hii na ng'ambo ile, ukibonyeza Fn kila mara mkono watoka mahali pake na wazo lakatika. Nimesoma maandishi mengi ya watu siku hizi yameandikwa "ngombe" na "ngambo" na nahisi sehemu kubwa ni hivi vitufe tu, mtu anajua lakini amechoka kuitafuta alama.

Halafu herufi A. Ndo inayotumika kuliko zote kwa Kiswahili, chukua neno kama "anawatazama", herufi 11, A ni 6. Na A kwenye kibodi iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile dhaifu kuliko vyote. Kwa kibodi zilizobanwa Caps Lock imepunguzwa ikabanana pembeni mwa A, ukikosea kidogo sentensi nzima yageuka herufi kubwa. Kwa hivyo unapoangalia kibodi dukani usiangalie rangi, angalia A imekaa vipi na majirani zake, na ile ritifaa iko wapi. Ukipata mbili hizo ziko sawa, hiyo kibodi waweza kuandikia Kiswahili.

Nikianza na yale makava yenyewe. Mtoto wa khala yangu analo, akaniachia nikalitumia vya kutosha. Uzuri wake upo: kitu kimoja, wafungua umeanza kazi, tableti yalindwa isikwaruzwe, na kwa mtoto wa shule au mtu wa kujaza fomu na kujibu imeili fupi latosha kabisa. Lakini kuandika ukurasa wa pili mkono ushaanza kuuma, vitufe vyake ni vya mpira mpira vinazama na kurudi polepole, na pembe ya kutazama ni moja tu, ukitaka kuilaza tableti kidogo kwa sababu ya taa haikubali. Tena nyingi za aina hii zina sumaku au vile vikucha vya plastiki vya pembeni, na vikishalegea tableti yaanza kuteleza. Uzito nao, watu husahau kava na kibodi pamoja vyaweza kukaribia uzito wa tableti yenyewe, kwa hivyo ule wepesi uliokimbilia haupo.

Za kukunja mara tatu. Hizi nazipenda kwa moyo, nasema kweli, moja niliazimwa na mwenzangu wa kazi, yakunjwa yawa kama pochi, yaingia hata mfuko wa buibui, ukiifungua ni pana karibu saizi kamili na herufi zina nafasi. Shida ni maungio. Lazima iwe juu ya kitu bapa na kigumu, ukiiweka mapajani yajikunja katikati ya sentensi, na zile zinazokunjwa katikati zina ufa kati ya T na Y, G na H, B na N, nyingine kitufe cha spesi kimekatwa vipande viwili. Kama wewe ni mtu wa kukaa mezani mahotelini na kwenye semina, na safari zako ni za treni ya SGR au ndege na mkoba mdogo, nunua hii usijiulize mara mbili. Mimi mara nyingi naandika kwenye benchi au nikiwa nimekalia mkeka, haikunifaa.

Kuna ile tambarare kabisa, Logitech Keys-To-Go, ya kwanza ilitoka 2014, gramu 180 tu, unene wake milimita 6, imevikwa kitambaa fulani kimezibwa kote hakuna mwanya wa kuingia maji wala mchanga. Kwa mji wetu huu wa pwani hilo si jambo dogo. Ila vitufe havizami vya kutosha, kidole chagonga kitu kigumu. Ya pili yake, Keys-To-Go 2 ya mwaka 2024, imekuwa na vitufe vya kawaida na kifuniko chake chenyewe, gramu 222, yashika vifaa vitatu, na kwa mtu anayehesabu uzito kuliko chochote hii ndo ningemwambia atafute akipata. Jambo moja, yatumia betri zile za duara za saa. Kama nyumbani kuna watoto wadogo hizo betri za akiba ziweke juu sana, mtoto akimeza moja ni hatari kubwa na ni hospitali mbio mbio, usingoje kuona dalili.

K480 ya Logitech watu huniuliza sana kwa sababu ina ule mfereji wa kuchomekea tableti isimame, na tableti ndogo yasimama vizuri sana ndani yake, hata mapajani haitikisiki. Wazo zuri mno. Lakini ni gramu 820! Tableti yangu gramu 366 na K380 gramu 423, jumla 789, yaani tableti na kibodi vyote viwili pamoja ni vyepesi kuliko K480 peke yake. Kama ni ya kukaa nyumbani juu ya meza ya kulia ichukue, ya kubeba hapana.

Basi tufike kwa K380 yenyewe. Imetoka 2015 na bado yauzwa na kuna sababu. Upana ni sentimita 28 hivi, kimo 12 na kidogo, kwa hivyo mkoba wa kawaida wa mwanamke yaingia ikisimama, bahasha ya A4 yaingia ikilala. Vitufe ni vya duara, mwanzo vyaonekana vya ajabu, lakini vimeachana vizuri na vina kibonyeo kidogo katikati, kidole chajua kiko wapi. Vyazama vya kutosha na havipigi kelele, nimeandika msikitini wakati wa darsa upande wa wanawake na hakuna aliyegeuka. A iko mahali pake, ritifaa iko mahali pake karibu na Enter. Juu kuna vitufe vitatu vya F1, F2 na F3 vya kuhamia kifaa kingine: mimi F1 ni tableti, F2 ni simu, F3 nimeiacha kwa kompyuta ya ofisi nikienda. Meseji ndefu ya WhatsApp ikija nabonyeza F2, najibu kwa simu kwa vidole kumi, narudi F1 naendelea na barua. Ukizoea hilo huwezi tena kutumia kibodi ya kifaa kimoja.

Na zile njia za mkato za kompyuta zafanya kazi kwa Android vile vile, Ctrl na C kukopi, Ctrl na V kupesti, Ctrl na Z kurudisha ulichofuta, Shift na mshale kuchagua maneno, Alt na Tab kuruka kutoka programu moja hadi nyingine. Kuchagua aya kwa kidole kwenye kioo cha inchi 8 ni mateso, kwa Shift na mishale ni sekunde moja.

Kasoro zake nazo nizitaje. Haina taa chini ya vitufe, na stima ikipotea, nanyi mwajua stima zetu, wategemea mwanga wa skrini au vidole viwe vishakariri. Haina mahali pa kuchomeka tableti, kwa hivyo kistendi ni lazima, kile cha plastiki cha kukunja cha bei ya soda mbili tatu chatosha, ila chagua chenye mdomo mpana manake vingine vimetengenezwa kwa simu na tableti yaanguka kwa nyuma. Na maji haitaki, chai ikimwagika hakuna kinga.

Betri ndo mahali ambapo K380 imewashinda wenzake wengi kwa mtu wa hapa kwetu. Yatumia AAA mbili za kawaida, kampuni yasema miaka 2, na hata zikikufia katikati ya Mtongwe duka la kwanza utakaloona lina AAA. Kibodi nyingi za bei ya chini zina betri ya ndani na tundu la chaja la zamani la micro USB, hiyo betri ikishazeeka hakuna wa kukubadilishia, na lile tundu ni la kwanza kuliwa na chumvi. Ndio, chumvi. Upepo wa kusi ukivuma toka baharini kila chenye chuma hapa mjini chapata kutu, bawaba, funguo, redio, na kibodi si mtume. Isiachwe dirishani, ifutwe kwa kitambaa kikavu jioni, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, tia kimoja kwenye mfuko wa kibodi. Kama utasafiri utaiacha miezi, toa betri, zikivuja zaharibu vile vyuma vya ndani na hapo hakuna fundi.

Usikubali kuuziwa zile za kijidude cha USB ukiambiwa ni waya-les yote ni moja. Si moja. Kile kijidude chataka tundu kubwa la USB, tableti haina, kwa hivyo wanunua na adapta ya OTG, ile ya kuunganisha tundu kubwa na lile dogo la tableti, halafu tundu lako moja la tableti limeshikwa na huwezi kuchaji ukiandika. Boksi lazima liandikwe Bluetooth. Kuunganisha kwenyewe ni rahisi, kwa K380 wabonyeza F1 kwa sekunde 3 mpaka kitaa kimetemete haraka, wafungua Bluetooth kwa tableti, wachagua jina la kibodi, kukitokea namba waziandika kwa kibodi hiyo hiyo na Enter. Mwenye iPad mini naye ni hivyo hivyo, Apple hawakuwahi kumtengenezea kibodi yake ya kushika kwa sumaku kama za iPad kubwa, kwa hivyo yuko nasi kwenye jahazi la Bluetooth.

Ukienda dukani beba tableti yako. Usikubali kupima kwa simu ya muuzaji. Mwambie kwa adabu, "kakangu nipe dakika tano niandike kidogo", mwenye duka mwema hakatai, na anayekataa wewe vuka barabara kuna jirani yake. Andika hii: "Ng'ombe wa kakangu amevushwa ng'ambo kwa feri, king'ora kikalia, wakang'ang'ania kamba." Iandike mara kadhaa bila kutazama vidole. Angalia kama A zote zimetoka, kama umewasha Caps Lock bila kutaka, kama ng' umeipata bila kusimama. Halafu acha kibodi ilale kidogo, uguse tena uone kama yaamka na herufi ya kwanza au yaimeza, manake za bei ya chini nyingine zameza herufi mbili tatu za mwanzo kila zikiamka.

Bei. K380 yaweza kufika mara mbili tatu ya yale makava, sitaki kumficha mtu, na kwa wengine hiyo ni pesa ya wiki nzima ya chakula. Kama haipo, usichukue kava la inchi 8 kwa sababu limelingana na tableti, chukua zile tambarare za inchi 10 zisizo na jina kubwa, zenye upana wa sentimita 25 hivi. Hazitadumu kama hiyo nyingine, betri yake ni ya ndani, lakini herufi zina nafasi na nyingi ritifaa wameiacha mahali pake. Nimemshauri hivyo binti mmoja wa jirani anayesoma chuo pale Tudor, na aliandika mradi wake wote kwa hiyo. Omba risiti yenye tarehe, uliza mbele ya mashahidi wakikubadilishia ndani ya siku ngapi ikikataa kushika, na boksi usilitupe kabla siku hizo hazijapita.